Snaipa ya Kukoki au DMR: Umbali wa Gololi Unatoka Wapi?

Mpwa wangu anasoma Uingereza, na wenzake wa chuo wamemtia katika easofti, mchezo wa kupigana kwa bunduki za kuchezea zinazorusha gololi za plastiki. Mwezi uliopita alituma sauti kwenye kundi letu la WhatsApp la familia: "Mjomba, shikamoo. Nataka bunduki ya masafa marefu. Ninunue snaipa ya kukoki au DMR? Ipi inapiga mbali zaidi?" Snaipa ya kukoki huikoki kwa mkono kila unapopiga; DMR ni ya betri. Kabla sijafungua mdomo, kundi zima lilishamjibu. Binamu yake wa Chake Chake alisema snaipa, kwa sababu kwenye gemu ya simu snaipa inaua kwa risasi moja. Mwengine akasema achukue yenye mtutu mrefu. Wa tatu akasema yenye springi ngumu kuliko zote, mengine porojo. Jioni yake suala lenyewe nikalikuta barazani kwetu Kikwajuni, limeshawafika vijana wanaocheza keram, na majibu yao ni yaleyale matatu.

Mchezo huu nimeucheza miaka minne nilipokuwa kule, na bunduki za aina zote mbili nimezimiliki. Kwa hiyo nataka nilijibu suala hili kwa kituo, maana yale majibu matatu yana kasoro moja: yanaichukulia bunduki ya mchezo kuwa ni bunduki ya kweli iliyopunguzwa nguvu. Ndani yake ni kitu kingine kabisa. Kinachofikisha risasi mbali sicho kinachofikisha gololi mbali, na asiyelijua hilo atatumia pesa nyingi kununua asichokihitaji.

Kwanza tuelewane majina. Easofti ni mchezo wa timu ulioanzia Japani katika miaka ya 1970. Wachezaji huvaa kinga ya macho, huingia msituni au katika majengo yaliyohamwa, wakapigana kwa bunduki zinazorusha gololi za plastiki zenye upana wa milimita 6. Aliyepigwa hunyanyua mkono, hutamka kwamba kapigwa, akatoka. Hakuna rangi inayobaki nguoni kama ilivyo kwenye peintibo, kwa hiyo mchezo mzima umesimama juu ya uaminifu wa yule aliyepigwa. Hilo peke yake lilinifanya niupende.

Ndani ya bunduki hizi hakuna baruti. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole, sukuma mpaka mkono ugome, kisha uachie kidole: ule mpumuo unaotoka ndio unaorusha gololi. Springi inavutwa nyuma, inaachiwa, inasukuma pistoni, pistoni inaminya hewa, hewa inaisukuma gololi mtutuni. Tofauti ya bunduki moja na nyengine ni nani anayeivuta hiyo springi.

Katika bunduki ya kukoki anayevuta ni mkono wako. Unavuta komeo nyuma, unalirudisha, unalenga, unapiga, gololi moja inatoka. Ukitaka ya pili, unakoki upya. Hii ndiyo vijana wanayoiita snaipa. Katika DMR anayevuta ni mota. Kuna betri, kuna mota ndogo, kuna gia tatu zinazoishika pistoni na kuirudisha nyuma. Kampuni ya Tokyo Marui ya Japani ndiyo iliyotoa bunduki ya kwanza ya mtindo huu wa betri mwaka 1991, na leo wachezaji wengi duniani wanatumia hizo. DMR ni bunduki hiyohiyo ya betri iliyotengenezwa kwa ajili ya mbali: springi imekazwa, mtutu umechaguliwa, darubini imefungwa juu, na imezuiwa isimwage gololi mfululizo, ila moja kwa kila ukivuta triga. Jina lake, kifupi cha Kiingereza cha "designated marksman rifle", limeazimwa jeshini, kwa askari mlenga shabaha anayetembea pamoja na kikosi, tofauti na mdunguaji anayejificha peke yake. Tofauti hiyo ya kutembea na kujificha iwekeni akilini, tutairudia.

Sasa nguvu. Nguvu ya gololi hupimwa kwa jouli. Gololi ya gramu 0.20 ikitoka kwa mwendo wa mita 100 kwa sekunde, hiyo ni jouli moja kamili. Sheria za Uingereza, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, zinaihesabu bunduki ya easofti kuwa si silaha ya moto ikiwa haizidi jouli 1.3 kwa ile inayoweza kumwaga mfululizo, na jouli 2.5 kwa ile ya moja moja. Japani wao ni wakali zaidi: hawaruhusu hata jouli moja kamili. Na bado Wajapani wanacheza, na wanapigana kwa masafa ya kushangaza. Mtu akikwambia umbali ni nguvu, muulize Wajapani wanafanyaje.

Hapo ndipo penye fundo lenyewe, na nitakaa hapo kidogo.

Kitu chochote ukikirusha sawasawa na ardhi kutoka urefu wa bega, tuseme mita moja na nusu, kitafika chini baada ya nusu sekunde na chembe. Haijalishi umekirusha kwa kasi gani. Mvuto wa ardhi haungoji. Gololi ya gramu 0.20 yenye jouli moja, katika ile nusu sekunde, inakuwa imekwenda kama mita 30 hivi. Sasa tumsikilize yule ndugu wa springi ngumu. Tuipandishe nguvu mpaka jouli 2.3, zaidi ya mara mbili. Nimepiga hesabu pamoja na ukinzani wa hewa: gololi ileile itafika karibu mita 38 ndipo iguse mchanga. Nguvu mara mbili na zaidi, na ulichokipata ni mita nane. Sababu yake ni kuwa hewa humkinza zaidi yule anayekwenda mbio. Ukitoa mkono nje ya dirisha la daladala inayotoka Mkokotoni unalijua hilo: gari ikienda pole mkono unatulia, ikikaza mwendo mkono unatupwa nyuma.

Basi inakuwaje watu wanapigana kwa mita 60 na 70? Jibu ni kijimpira ambacho wengi hawajawahi kukiona. Kinaitwa hopapu. Ninacho kimoja kilichochakaa, nilirudi nacho mkobani. Ni mpira mweusi laini, mfupi, mfano wa kipande cha mrija wa kunywea soda. Ndani yake, upande wa juu, kuna kinundu usichokiona kwa urahisi, ila ukipitisha ncha ya njiti ya kiberiti utakihisi. Gololi inapoanza safari yake mtutuni, kichwa chake kinakwaruzwa na kile kinundu. Juu inazuiliwa, chini inaendelea, kwa hiyo gololi inatoka ikizunguka kinyumenyume.

Kuzunguka huko kunafanya nini? Waliocheza mpira Mnazi Mmoja wanalijua bila ya kufundishwa. Kipa akiupiga mpira kwa chini kabisa, ukatoka ukizunguka kinyume, utauona unaelea, hautaki kushuka. Mkwaju wa Roberto Carlos dhidi ya Ufaransa mwaka 1997, ule uliotoka nje ya ukuta wa mabeki halafu ukarudi ndani, ni jambo hilohilo, isipokuwa ule ulizunguka kwa ubavu ndiyo maana ulipinda kwa ubavu. Kitu kinachozunguka huivuta hewa upande mmoja na kuipinga upande wa pili, na hewa humjibu kwa kumsukuma. Mwanafizikia wa Kijerumani Gustav Magnus aliieleza tabia hiyo katikati ya karne ya 19. Gololi inayozunguka kinyumenyume inasukumwa juu. Msukumo ukilingana na uzito wake, gololi inakwenda kama iliyolazwa juu ya meza, mita 40, 50, 60, kisha mzunguko unachoka na inadondoka.

Nililipia somo hili. Msimu wangu wa kwanza nilipaka mtutu mafuta ya silikoni nikiamini naulainishia gololi njia. Siku ya pili gololi zikaanza kudondoka mita 30, na mara mojamoja moja ikiruka juu kama kunguru aliyerushiwa jiwe. Nikadhani springi imechoka, nikanunua ngumu zaidi. Hali ileile. Wiki iliyofuata nikaifungua bunduki mezani, nikakikuta kile kinundu kinang'aa kwa mafuta: gololi ilikuwa inateleza tu, haizunguki. Nikakiosha kwa maji ya sabuni, nikakianika, nikarudishia springi yangu ya zamani. Gololi zikarudi kwenda mbali kama mwanzo.

Kitu cha pili ni uzito wa gololi yenyewe. Nyumbani nina kopo la gololi zilizobaki, nyeupe na nyeusi, zote za milimita 6, na kwa macho huwezi kuzitenga ila kwa rangi. Nilizipeleka kwa sonara mmoja Darajani, akanipimia kwenye mizani yake ya dhahabu: nyeupe kumi, gramu 2, nyeusi kumi, gramu 4. Gololi mbili za ukubwa mmoja, moja ina uzito mara mbili ya mwenzake, gramu 0.20 na gramu 0.40.

Mtu wa pwani hapati tabu kuelewa maana yake. Ngalawa tupu ukiishusha tanga inasimama papo hapo. Jahazi lenye shehena ukilishusha tanga bado linakwenda, na nahodha asipojihadhari litagonga gati. Gololi nyepesi hutoka mtutuni kwa mbwembwe, lakini kila baada ya mita 18 hivi inakuwa imepoteza nusu ya kasi iliyokuwa nayo. Nzito huchukua mita 36 kupoteza nusu. Kwa nguvu ileile ya jouli moja, nyeupe inatoka kwa mita 100 kwa sekunde na nyeusi kwa mita 71 tu. Lakini baada ya mita kama 18 wanakuwa sawa, na kuanzia hapo nyeusi iko mbele. Ikifika mita 60, nyeupe inajikokota kwa mita 10 kwa sekunde, mwendo wa bingwa wa mbio za mita 100. Nyeusi bado ina mita 22.

Hapa ndipo nguvu inapopata kazi yake ya kweli, na lazima niitendee haki. Springi ngumu haikufikishi mbali yenyewe, ila inakuruhusu kubeba gololi nzito zaidi kwa mwendo unaofaa. Ndiyo maana wenye bunduki za kukoki hutumia gramu 0.40, 0.43, 0.45, hata 0.48, na wenye DMR mara nyingi huwa kati ya 0.32 na 0.40. Mtu anayenunua bunduki ya masafa marefu halafu akailisha gololi za gramu 0.20 kwa kuwa ni rahisi amenunua jahazi la kubebea makapi.

Na cha tatu, ambacho wengi hawakitaji kabisa, ni kufanana. Gololi ya leo itoke kama ya jana, ya pili kama ya kwanza. Hopapu nzuri, gololi zilizosuguliwa vizuri zisizo na matundu ya hewa ndani, mtutu msafi, pistoni isiyovujisha. Kwa mbali, tofauti ndogo ya kasi au ya mzunguko inakuwa tofauti ya mita nzima juu au chini. Nimeona watu wakibishana juu ya mtutu wenye upana wa ndani wa milimita 6.01 na wa 6.03 usiku kucha, na mtutu wa mwenye kubisha haujapitishwa kitambaa tangu Ramadhani iliyopita.

Sasa turudi kwa mpwa wangu: ipi inapiga mbali zaidi?

Viwanja vingi vya Uingereza huiruhusu bunduki ya kukoki kufika karibu jouli 2.3, na DMR huwekwa chini yake, tuseme 1.8. Tuzipe zote mbili gololi nyeusi za gramu 0.40 na hopapu nzuri, tulenge mtu aliye mita 60. Ya kukoki itamfikia kwa sekunde 1.05 hivi. DMR itamfikia kwa sekunde 1.2. Tofauti ni chini ya kupepesa jicho. Kwa umbali wa mwisho kabisa, ya kukoki itamzidi mwenzake kwa mita chache, pengine kumi ikitengenezwa na fundi hodari. Anayetegemea kwamba snaipa itampa uwanja mzima peke yake, mita 150 na zaidi kama anavyoona kwenye video zilizokatwakatwa, atasikitika. Snaipa ya kweli hurusha risasi kwa kama mita 800 kwa sekunde. Hapa tunazungumzia mita 107. Ni dunia mbili.

Iangalieni tena ile sekunde moja. Hesabu moja, kwa sauti: moja. Katika muda huo aliyelengwa amepiga hatua tatu, au ameinama kufunga kamba ya kiatu. Gololi inapaa, anaweza hata kuiona ikija. Kwa hiyo suala la masafa marefu linakuwa hili: ukikosa, unafanya nini?

Hapa upepo unaingia, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu sisi wa visiwani tunaujua upepo kuliko tunavyojua mambo mengi. Chukua kusi ya kawaida, ile ya kutikisa makuti tu, mita tano kwa sekunde, ikivuma kwa ubavu. Gololi ya gramu 0.40 inayokwenda mita 60 itasukumwa pembeni zaidi ya mita mbili. Mita mbili! Hata ile ya kukoki, pamoja na nguvu yake yote, inasukumwa karibu sawa na DMR. Gololi nyepesi ya 0.20 ndiyo usiiulize, inapotea kabisa. Hakuna mtu anayeweza kukisia mita mbili hizo kwa jicho kwa mara ya kwanza. Unapiga, unaitazama inakwenda wapi, unasahihisha, unapiga tena.

Mwenye DMR anaiona gololi ya kwanza kwenye darubini ikipita kushoto, na bila ya kuondoa jicho anasogeza kulia na kuvuta triga tena. Nusu sekunde. Mwenye bunduki ya kukoki lazima mkono wake uondoke, uvute, urudishe. Bega linatikisika, darubini inahama, na jani lililokuwa limemficha linacheza. Akirudi kulenga, aliyelengwa keshajua. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya bunduki hizi mbili, na haimo kwenye karatasi yoyote ya dukani.

Lakini ya kukoki ina neema yake, na mimi ndiyo niliyoipenda. Haina mota. Ukiwa mita 50 kutoka kwa mtu kwenye majani, DMR inapolia, ule mzizimo wa gia na mlio wa pistoni, anageuka. Ya kukoki iliyotengenezwa vizuri inatoa pumzi fupi tu, kama mtu anayepuliza vumbi juu ya kitabu. Mtu anapigwa, anatazama huku na huku, hajui ilikotoka. Na kwa kuwa ndani yake kuna vitu vichache, springi, pistoni, silinda, ile sifa ya kufanana inapatikana kwa wepesi zaidi. Hakuna gia za kulika wala betri ya kukufia saa nane mchana.

Nilikaa mara moja chini ya mti wa mkuyu wa kizungu dakika arobaini, mvua ya kule ya manyunyu ikinidondokea shingoni, kwa ajili ya gololi tatu. Moja ilipata. Nilirudi nyumbani nina furaha ya siku tatu. Kuna mtu akilisikia hilo moyo unampwita. Kuna mwengine ataona ni adhabu. Anayenunua ajiulize yeye ni yupi kati ya hao wawili. Mpwa wangu namjua tangu mdogo: hamalizi bao moja bila ya kusimama. Mdunguaji hukaa, mlenga shabaha wa kikosi hutembea, na hiyo ndiyo tofauti niliyowaomba muiweke akilini.

Kanuni za uwanja nazo zina neno. Kwa sababu ya nguvu yake, viwanja vingi humkataza mwenye bunduki ya kukoki kumpiga mtu aliye karibu zaidi ya mita 30, na wenye DMR huwekewa mpaka wa namna hiyo pia, mara nyingi mfupi kidogo. Maana yake, adui akikutokea mita 15, bunduki yako ndefu ni fimbo; lazima uwe na bastola ya mchezo kiunoni. Hiyo ni gharama nyengine ambayo wanaouliza bei ya snaipa hawaihesabu.

Na kuhusu gharama kwa jumla: ya kukoki inaonekana rahisi dukani. Usidanganyike na hilo. Zile za bei ya chini huwa na chuma laini katika kishikizo kinachoizuia pistoni, na springi ngumu inakila taratibu mpaka siku moja bunduki inafyatuka yenyewe ukiikoki. Ukishabadilisha kishikizo, hopapu na mtutu, umeshalipa bei ya DMR. DMR kwa upande wake inaanza ghali, na inapoharibika inahitaji fundi anayejua kufungua sanduku la gia bila ya springi kumrukia usoni. Zipo pia za gesi, ambazo sizipendekezi kwa mtu wa mwanzo: gesi inayotumika aghalabu ni propani, na presha yake hupanda kwa zaidi ya nusu joto likitoka nyuzi 10 kufika 30, kwa hiyo bunduki iliyopimwa asubuhi ya baridi ikakubaliwa inaweza kuwa imevuka mpaka adhuhuri.

Yaliyobaki nitayapita haraka. Darubini haiongezi hata sentimita moja ya masafa. Inakuonyesha tu ulipokosa. Mtutu mrefu nao haufikishi mbali: hewa ya pistoni ikishamalizika, mtutu uliobaki unaikwaruza gololi na kuipunguza kasi. Wapo wenye mitutu mifupi kama mkono wa mtoto wanaowatoa jasho wenye mitutu ya kutishia.

Jambo moja sitalipita haraka. Gololi ya jouli moja inaweza kulitoa jicho. Ya jouli 2.3 inavunja jino. Miwani ya jua si kinga, miwani ya kusomea si kinga. Inatakiwa kinga maalumu iliyoziba pande zote na kupimwa kwa ajili ya kugongwa, na hata aliyekwisha kutolewa mchezoni haivui mpaka awe nje ya uwanja. Nimemwona mtu mzima akiisukuma kinga yake kipajini kwa sababu imeingia ukungu. Gololi ilimpata nusu kidole chini ya nyusi. Jicho lilisalimika, lakini nilimtazama akitetemeka kwenye benchi nikajua kwamba alikuwa ameiona hatima yake.

Na kwa vijana wetu wa hapa Unguja na Pemba wanaotaka kuagiza: vitu hivi vimetengenezwa vifanane na silaha, na mtu aliye hatua kumi hawezi kuvitofautisha. Hata Uingereza kwenyewe, kutembea nacho hadharani bila ya sababu ya maana ni kosa. Hubebwa ndani ya mfuko uliofungwa, kutoka nyumbani mpaka uwanjani. Ofisa wa forodha akifungua boksi pale bandarini Malindi akakutana na mtutu, hatauliza una jouli ngapi. Mwanangu, nenda polisi uulize kabla ya kuagiza, upate jibu la maandishi. Hapa kwetu mtu hapiti Darajani na kitu chenye sura ya bunduki, na wazee wetu wana sababu zao za kutoichukulia sura hiyo kwa mchezo.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu hivi. Kama huna bunduki yoyote, anza na ya betri ya kawaida, itie hopapu nzuri na gololi za gramu 0.30, itakufikisha mita 50 na zaidi, na nusu ya hamu yako ya masafa itakwisha hapo. Kama bado moyo unataka mbali, usinunue kwa video. Omba kuazima zote mbili siku moja uwanjani. Tundika shuka mtini, upana wa kifua cha mtu, hesabu mita 60. Gololi kumi za gramu 0.40 kwa hii, kumi kwa ile, na mwenzako akushikie saa.

Juzi kaniletea majibu. Ya kukoki ilipata saba kati ya kumi, na ilimchukua karibu dakika mbili. DMR ilipata sita, chini ya nusu dakika. Kachukua DMR. Kaniambia kila gololi ilipokosa mkono wake ulitaka kupiga tena palepale, na ile ya kukoki ikamlazimisha angoje.